Farasi wangu amesakamwa mara mbili ndani ya wiki tatu: nifanye nini?

Swali: Nina farasi jike wa miaka 22. Wiki tatu zilizopita alisakamwa na chakula alipokuwa akila peleti kavu, yaani chakula kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo vigumu. Mate yaliyochanganyika na chakula yakamtoka puani. Jirani alikuja kunisaidia, akammiminia mafuta ya kula mdomoni kwa chupa, na baada ya muda akatulia. Juzi imetokea tena, safari hii akiwa anakula nyasi kavu tu. Daktari wa mifugo alimpitishia mpira puani na kumwosha kwa maji mpaka njia ikafunguka. Sasa anakula, ila tangu jana anakohoa kidogo na uchangamfu wake umepungua. Nilikosea wapi? Nimlishe nini? Na ikitokea tena, nifanye nini kabla daktari hajafika?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujaendelea kusoma, nenda kampime joto. Simama ubavuni pake, si nyuma yake, uingize kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa na ukishikilie mpaka kimalize. Farasi mzima aliyepumzika huwa na joto la kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Kisha rudi nyuma hatua chache, umtazame ubavu ukipanda na kushuka, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Akiwa ametulia kivulini huvuta pumzi 8 hadi 16. Joto likizidi 38.5, au pumzi zikizidi 20 ilhali hajafanya kazi yoyote, au ukisikia harufu ya uvundo puani mwake, mpigie daktari saa hii hii. Hata vipimo vikiwa vya kawaida, mpigie leo umweleze habari ya kikohozi hicho, kwa sababu kinanitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika.

Nitakueleza kwa nini. Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo kwenye ugonjwa huu yanatofautisha mambo mawili kabisa: kusakamwa na kupaliwa. Aliyesakamwa ana tonge lililokwama kwenye umio, yaani njia ya chakula. Aliyepaliwa ameingiwa na chakula, maji au mate kwenye njia ya hewa. Farasi wako alisakamwa. Koo lake la hewa lilikuwa wazi muda wote, na ndiyo maana aliweza kukohoa, kuhema na kuzungukazunguka kwa hofu. Mtu akisikia kwamba farasi amekwamwa na chakula hufikiri atakata roho mbele ya macho yake ndani ya dakika tano, basi anakurupuka kufanya lolote lililo mikononi. Lakini tonge lile halimnyimi pumzi. Hatari inakuja pale mate na chakula vinapojaa juu ya tonge, vikakosa pa kwenda, vikafurika kooni na kuingia mapafuni. Kinachoua farasi wengi waliosakamwa ni kupaliwa kunakofuata, na nimonia yake huanza kujitokeza siku moja, mbili au tatu baadaye, wakati kila mtu ameshafurahi kwamba mnyama amepona. Wewe uko kwenye siku hizo hasa.

Mambo yanakuwa mabaya zaidi kwa farasi kuliko kwa wanyama wengine kwa sababu ya maumbile yake. Kwanza, farasi hatapiki. Mbwa akikwamwa anaweza kukokomoa mpaka kitu kitoke. Farasi hana njia hiyo. Pili, umio wake ni mrefu, kati ya mita 1.2 na 1.5, unashuka shingoni upande wa kushoto wa koo la hewa, unapenya kifuani, ndipo ufike tumboni. Tonge linaweza kukwama juu karibu na koromeo, au mahali shingo inapoingia kifuani, au mwisho kabisa karibu na mlango wa tumbo. Likikwama shingoni utaliona au kulipapasa kama uvimbe upande wa kushoto. Likikwama kifuani hutaona kitu, kwa hiyo usiseme hajasakamwa kwa kuwa tu shingo yake ni laini. Tatu, mate. Farasi mkubwa hutoa makumi ya lita za mate kwa siku, na kila anapojaribu kumeza anaongeza mengine. Mate hayo yote yakizuiwa, lazima yatoke kwa mlango wa juu: pua, mdomo, au mapafu.

Hapo ndipo linakuja suala la mafuta. Jirani yako alikuja kwa moyo mwema na sitaki umlaumu, maana ushauri huo umezagaa kila penye farasi. Lakini tafadhali, usiruhusu tena mtu yeyote kummiminia farasi aliyesakamwa kitu chochote mdomoni: si mafuta, si maji, si dawa ya minyoo, si soda. Njia ya chakula imezibwa. Kila unachomimina kitafika kwenye tonge, kitarudi juu, na mlango ulio wazi ni ule wa mapafu. Mafuta ni mabaya kuliko maji kwa sababu hayawashi njia ya hewa kama kitu kigeni kinavyofanya kwa kawaida. Yanateleza ndani kimyakimya bila mnyama kukohoa, na mapafu hayana namna nzuri ya kuyaondoa. Alitulia baada ya mafuta, ndiyo, lakini matonge mengi huachia yenyewe ndani ya nusu saa au saa moja mate yanapoyalainisha. Yaelekea angetulia hata bila ile chupa. Mwambie daktari kuhusu mafuta hayo wazi kabisa, usione haya, kwa kuwa yanabadilisha anachokitafuta anaposikiliza kifua.

Nilipokuwa kijana kazini niliitwa kwa farasi ambaye wenyewe walimwingizia mpira wa kumwagilia bustani mdomoni na kufungua bomba. Tonge lilikuwa dogo, nililitoa kwa muda mfupi. Farasi alikufa siku ya nne kwa mapafu. Sijawahi kuisahau safari ile, na ndiyo sababu ninaanza na mapafu kila ninapoulizwa juu ya kusakamwa.

Sasa, ikitokea tena. Ondoa chakula chote na maji pia, hata nyasi za kulalia kama ni mla matandiko. Mweke mahali patulivu, wenzake wakiwa karibu ikiwa hilo humtuliza, na umwache ainamishe kichwa. Kichwa kikiwa chini, mate yanachuruzika nje kwa pua badala ya kurudi ndani. Usimfunge kamba juu, usimnyanyue kidevu, usimkimbize wala kumzungusha kwa kamba ndefu ukidhani mtikisiko utalisukuma tonge. Mpigie daktari hapo hapo, usisubiri kuona kama litaachia. Likiachia kabla hajafika, hakuna aliyepoteza chochote, na bado atahitaji kumsikiliza kifua. Andika saa ilipoanza, alikuwa akila nini, na kama alipewa dawa yoyote siku hiyo. Ukiuona uvimbe shingoni, unaweza kuupapasa taratibu kwa kiganja kuelekea chini ikiwa ni laini kama unga uliokandwa. Ukiwa mgumu, au akishtuka kwa maumivu, acha. Mimi kwa kweli huwaambia wenye farasi wasiuguse kabisa, kwa sababu mkono wenye hofu hubonyeza kuliko unavyojua.

Jambo moja zaidi, nalo nalisema kwa uzito. Usimtie mkono mdomoni kutafuta kilichokwama. Hutakifikia, magego yake yanaweza kukuponda vidole, na kuna kichaa cha mbwa. Farasi mwenye kichaa cha mbwa anaweza kuonekana vivi hivi: mate yanamtoka, anashindwa kumeza, anakabwa. Ikiwa mnyama hajachanjwa, au ameumwa na mbwa au mnyama wa porini miezi ya nyuma, au pamoja na mate anapepesuka, anajing'ata, amekuwa mkali au amezubaa isivyo kawaida yake, vaa glavu, waondoe watoto, na umwambie daktari kwenye simu kabla hajatoka kwake. Mate yakikuingia kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa farasi wako sioni dalili ya hilo, kwa sababu njia ilifunguka na anameza. Naliandika kwa ajili yako wakati mwingine, na kwa ajili ya jirani yako mwenye moyo wa kusaidia.

Watu wengi pia huchanganya kusakamwa na msokoto wa tumbo. Farasi aliyesakamwa anaweza kuparua ardhi, kutoka jasho, kulala na kuinuka, kama mwenye msokoto. Kinachotofautisha ni pua: ukiona mate ya rangi ya chakula yanatoka puani, na shingo anainyoosha mbele kisha kuivuta ndani kwa mkazo, hilo ni la umio. Likifanyiwa kosa na kuitwa msokoto, mtu atamnywesha dawa kwa chupa, na tumerudi kwenye mapafu.

Alichofanya daktari wako ndicho ningefanya. Kwanza sindano ya kutuliza, ambayo inapunguza hofu, inalegeza misuli na kushusha kichwa chini. Halafu mpira unaopita puani hadi kwenye tonge, na maji ya vuguvugu yanayosukumwa kidogo kidogo na kuachwa yarudi na chembe za chakula. Kazi hii inataka subira. Wakati mwingine hupita saa nzima maji yakirudi meusi, na tonge linatoka vipande vipande. Anayesukuma kwa nguvu ili amalize haraka anaweza kuchana umio, na umio uliochanika ni balaa kubwa kuliko tonge lolote. Likikataa kabisa, huachwa apumzike na kuongezewa maji kwa mshipa, kwa maana pamoja na mate hupoteza chumvi nyingi, kisha hurudiwa. Wachache hulazimika kulazwa kwa dawa ya usingizi kamili, koo la hewa likiwa limewekewa mpira maalumu wa kupumulia unaoziba pembeni ili maji yasishuke mapafuni.

Kutoka kwa tonge si mwisho, hasa kwako ambaye ni mara ya pili. Jiulize: kwa nini farasi ambaye pengine aliishi miaka 22 bila shida hii asakamwe mara mbili ndani ya siku 21, na mara ya pili kwa nyasi za kawaida? Mimi naona mambo mawili, na yanaweza kuwa yote pamoja.

La kwanza ni meno. Meno ya farasi huota taratibu maisha yake yote huku yakisagika, na ufikapo umri huo mzizi unakaribia kwisha. Magego mengine yamelegea, mengine yametoka, yaliyobaki yana ncha kali au yamepanda na kushuka kama mawimbi. Anatafuna, lakini hasagi. Zipo dalili unazoweza kuziona mwenyewe kesho asubuhi. Tazama chini ya hori: ukikuta vibumba vya nyasi zilizotafunwa nusu na kutemwa, hiyo ni dalili. Pasua kinyesi chake: nyuzi ndefu za nyasi humo ni dalili nyingine. Anainamisha kichwa upande mmoja akitafuna? Anadondosha nafaka? Pumzi yake mdomoni inanuka? Hata ukijibu hapana kwa yote, farasi wa umri huo anahitaji kukaguliwa mdomo kila miezi 6, kwa kifaa cha kumfungua kinywa na taa, hadi magego ya nyuma kabisa. Ncha zitasawazishwa kwa tupa na jino lililolegea litang'olewa. Angalia tu kwamba baada ya sindano ya kutuliza ya siku hiyo hapewi chakula chochote mpaka aamke kabisa, kichwa kiwe juu na masikio yafuate sauti, jambo linaloweza kuchukua saa moja hadi mbili au zaidi. Nimeona farasi akisakamwa kwa sababu tu alirudishiwa nyasi akiwa bado anasinzia.

La pili ni kovu. Tonge likikaa mahali pamoja kwa saa kadhaa, linauminya utando wa ndani ya umio na kuuacha na kidonda. Kidonda cha mstari mmoja hupona vizuri. Kidonda kilichozunguka umio wote kama pete ndicho cha kuogopa, kwa sababu kinapopona kovu hujivuta na kuibana njia. Ubanaji huo huzidi siku hadi siku na kufikia kilele chake karibu siku ya 30. Baada ya hapo, farasi akilishwa chakula laini, njia nyingi huanza kutanuka tena polepole, na hilo laweza kuendelea hadi siku ya 60. Sasa hesabu: mara ya kwanza ilikuwa wiki tatu zilizopita. Inawezekana kabisa kwamba nyasi zilikwama juzi mahali palipoumizwa na peleti zile. Siwezi kuthibitisha hilo kutoka hapa nilipo, na hata daktari aliye ubavuni pa farasi hawezi kwa macho matupu. Mwombe apitishe endoskopu, ile kamera nyembamba inayoingia puani, aukague umio kutoka juu hadi chini. Itamwonyesha kama kuna kidonda, ni cha mstari au cha pete, na kama kuna uvimbe au mfuko uliojitokeza pembeni. Inaweza pia kuingia koo la hewa ikaona kama kuna chakula kilichopita huko. Kama hana kifaa hicho, muulize nani aliye nacho. Ni uchunguzi mmoja ninaoupigania kwa nguvu zote kwa mnyama aliyesakamwa zaidi ya mara moja.

Ikiwa mapafu yameguswa, atahitaji antibiotiki zinazofika kwa vijidudu vya aina nyingi, vikiwemo vile vinavyoishi pasipo hewa, pamoja na dawa ya kushusha homa na uvimbe. Usimdunge mwenyewe mabaki ya kabatini. Baadhi ya dawa hizo huumiza figo za farasi aliyepungukiwa maji, na wako amepoteza maji mengi juzi.

Chakula. Hili ndilo liko mikononi mwako kabisa. Umeandika kwamba anakula. Hukusema anakula nini. Kama ni nyasi kavu, ziondoe leo. Saa 48 za kwanza baada ya tonge kutoka ndizo anazosakamwa tena kirahisi, maana umio umevimba na haujarudisha nguvu ya kusukuma, na baada ya hapo bado utando unapona. Mpe chakula kilicholoweshwa mpaka kiwe uji unaomiminika, si kibumba kinachoshikamana. Chakula kamili cha farasi wazee ndicho kinachofaa, kwa kuwa kina nyuzi zake ndani na kinaweza kushika nafasi ya nyasi. Kipime kikiwa kikavu, kabla ya kukilowesha: farasi wa kilo 500 ambaye hali nyasi kabisa anahitaji kilo 7.5 hadi 10 za chakula kikavu kwa siku, na hapa wengi hukosea, wanamwona amekula ndoo kubwa iliyojaa kumbe nusu ni maji, na mnyama anakonda. Kigawe mara 4 hadi 6 kwa siku. Kwenye joto, kilicholoweshwa huchacha upesi. Kilichobaki kimwage na uoshe ndoo.

Kuhusu peleti kavu zilizoanzisha haya yote, fanya jaribio dogo. Weka ukufi wa peleti kwenye kikombe, mimina maji, tazama. Zinavyovimba humo ndivyo zinavyovimba kwenye umio zikinyonya mate, hasa kwa farasi anayekula kwa pupa na kumeza bila kutafuna. Machicha ya kiazisukari yana tabia hiyo hiyo. Fuata muda wa kulowesha ulioandikwa kwenye gunia, maana yaliyokunwa hulainika kwa saa chache na yale ya vibonge magumu huhitaji muda mrefu zaidi. Karoti usizikate duara, zina umbo la kizibo. Zikate kwa urefu ziwe vijiti, au kwa farasi wako zikune. Tufaha zima, hapana.

Kama ni mla kwa pupa, mtenge na wenzake wanaomharakisha, na uweke ndani ya hori mawe mawili matatu laini, makubwa kiasi kwamba hawezi kuyatia mdomoni, alazimike kutafuta chakula pembeni yake. Maji safi yawepo muda wote, isipokuwa akisakamwa.

Nyasi kavu zisirudi kabla ya kamera kupita na meno kushughulikiwa. Ukiruhusiwa kuzirudisha, na kwa kawaida huwa baada ya wiki moja hadi tatu, zianze zikiwa zimelowa maji na kukatwa fupi, gao moja tu, mchana ambapo unaweza kusimama hapo mpaka amalize. Tazama upande wa kushoto wa shingo akimeza. Utaona tonge likishuka kama wimbi dogo chini ya ngozi. Likisita mahali palepale mara mbili, ondoa nyasi, rudi kwenye uji, na umweleze daktari ni sehemu gani hasa ya shingo uliyoliona likisita.